Hoteli Imefungwa

Jumamosi ile duka kubwa lilikuwa limefurika kana kwamba kesho hakuna kula. Vitoroli viligongana, watoto walililia biskuti, na kipaza sauti kilikuwa kikimwita mwenye gari lililoziba mlango. Katikati ya vurugu hiyo, mbele ya friji refu la maziwa na jibini, mkono mwembamba wenye bangili ya shaba ulinyooshwa kuchukua kopo la mwisho la maskapone, ile jibini laini ya Kiitaliano. Mkono mwingine, mpana, wenye grisi kwenye kucha, ukalifunika kopo kabla halijanyanyuliwa.

"Usichukue hilo, dada."

Mwenye bangili aligeuka polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kutubu. Alikuwa amevaa sare ya samawati yenye jino dogo jeupe lililotariziwa kifuani, na chini yake jina la kliniki. Kitambaa cha manjano alikifunga kichwani mbiombio asubuhi, lakini kilikaa vizuri kuliko vya wenzake wanaojifunga saa nzima mbele ya kioo.

"Kaka, kwani wewe ndiye ng'ombe?"

"Samahani?"

"Nauliza kama ni wewe uliyetoa haya maziwa, maana ulinzi huu si wa bure."

Mwanaume akacheka, kisha akajizuia. Alikuwa mrefu, ovaroli ya kijivu ameifunga mikono yake kiunoni, fulana nyeupe ina doa la kutu begani. "Mimi ni fundi wa mafriji. Hili lilizimika jana jioni, likalala hivyo hivyo. Asubuhi wameliwasha, na lenyewe linajifanya halikufanya kitu. Ukila hilo kopo, tumbo litakuendesha, nawe utamlaani mtu usiyemjua."

"Sasa kama limeharibika, mbona liko hapa linauzwa?"

"Hilo swali zuri. Mwulize meneja."

Alidhani anatania. Mwanamke yule hakutania. Alimwita meneja kwa sauti iliyofika mpaka kwenye sabuni, akamsimamisha mbele ya friji, akamwuliza kama na watoto wake nyumbani anawalisha vitu vilivyolala nje ya baridi. Mama mmoja akarudisha mtindi wake. Mzee mmoja akarudisha siagi. Kabla meneja hajamaliza kukohoa, friji zima lilikuwa linamwagwa kwenye makasha.

Fundi alibaki ameshika bisibisi, mdomo wazi. Hajapata kumwona mtu asiyeweza kupita penye uongo bila kuupiga teke. Kama angekuwa na akili siku ile, angelikumbuka hilo maisha yake yote.

Simu ililia mapokezi Jumatatu, mgonjwa mwenye shavu kama andazi akiwa amesimama mbele ya meza.

"Kliniki ya meno, habari za asubuhi."

"Nzuri. Namtafuta dada mwenye makopo."

Aliitambua sauti hiyo, akakunja uso ili asitabasamu mbele ya mgonjwa. "Kaka, hapa tunang'oa. Una jino linalouma?"

"Jino hapana. Kinachouma kiko chini kidogo, upande wa kushoto."

"Hiyo ni kliniki nyingine."

"Usikate! Nimekupatia maskapone. Nilikuwa kwenye ile hoteli kubwa, natengeneza chumba chao cha baridi, nikamwomba mpishi. Iko kwenye kasha la barafu. Ila niambie kwanza, mtu wa kliniki ya meno anapika vitu vitamu vya nini? Unawatafutia wateja?"

"Wakiisha wa kung'oa, mimi na wewe tutakula nini?"

Alilisema bila kufikiri, hilo "mimi na wewe." Kisha wote wawili wakacheka, na mwenye shavu, maskini, akajaribu kucheka nao, akaumia.

Kitu chenyewe kilikuwa tiramisu ya limau. Aliisoma kwenye jarida kuukuu la wagonjwa, lile lisilo na jalada, akaisoma tena na tena mpaka akaikariri. Ni kitindamlo cha Waitaliano, cha matabaka, kisichoingia oveni. Hilo ndilo lililomvuta, maana oveni hakuwa nayo. Alikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, friji kuukuu linalonguruma kama paka aliyeshiba, na bakuli moja la kioo alilopewa na dada yake.

Aliishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule, na binti yake wa miaka minne ambaye mtaa mzima walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba wa Chiriku alitoka siku moja kwenda kununua vocha ya simu, akahamia huko huko kwenye vocha. Dada yake, fundi cherehani, alikaa mlango wa pili, na ndiye aliyemlea Chiriku wakati mama yuko kazini.

Tiramisu ya kwanza ilikuwa aibu. Biskuti zile ndefu alizilowesha kwenye maji ya limau mpaka zikakata tamaa. Ilipotoka kwenye friji ilimwagika.

Fundi alikuja na kijiko chake mwenyewe mfukoni. Akaonja, akafikiri. "Ni supu nzuri sana."

"Toka nyumbani kwangu."

"Nimesema nzuri!"

"Toka, wewe Baridi!"

Hakutoka. Aliinama akaweka sikio kwenye ubavu wa friji kama daktari anayesikiliza kifua, akakunja uso, akachomoa mpira wa mlango uliochoka, na jioni iliyofuata akarudi na mpya. Kuanzia hapo jina likawa lake. Chiriku alimwita Baridi, dada mtu alimwita Shemeji Baridi, na mama wa Chiriku akawa anasema "mpenzi" pale tu mtoto alipolala. Yeye naye aliitwa Bi Meno, hata mbele ya watu, hata alipokatazwa.

Tiramisu ya pili ilisimama. Ya tatu ilisimama na kuringa.

Zikapita wiki za namna hiyo. Fundi akipanda ngazi jioni, Chiriku anamsubiri juu kabisa akiwa na habari zote za mtaa. Fundi akikaa chini kwenye mkeka, ananyoosha miguu, anamsikiliza mtoto kama anasikiliza redio ya taifa. Mama mtu akiwa jikoni huwaangalia kwa pembe ya jicho, na moyo wake, ambao alikuwa ameufungia kwa kufuli na komeo, ukaanza kufunguka wenyewe kutoka ndani.

Ijumaa moja fundi alipiga simu, sauti imenywea kidogo.

"Bi Meno wangu. Mama anataka tule naye Jumapili."

Aliweka kalamu chini. "Mama yako?"

"Nina mmoja tu."

"Ananijua?"

"Atakujua. Lete ile ya limau, laazizi. Mama anapenda vitu vyenye uchachu."

"Chiriku nimvalishe lile gauni la maua, au lile lenye..."

"Ah. Siku hiyo mwache kwa dada. Joto kali siku hizi, mtoto atachoka bure. Si ndiyo?"

Alisema ndiyo. Mapenzi yana tabia hiyo, humvalisha mtu miwani isiyo na vioo.

Jumamosi aliporudi kutoka kazini alivua sare, akafunga kanga kifuani, akaanza. Alikwaruza maganda ya malimau kwa upande mdogo wa kikwaruzio, ile manjano tu, akaacha nyeupe kwa sababu ni chungu. Chumba kizima kikanukia kama kimefuliwa. Akakamua malimau, akachemsha sehemu ya maji yake na sukari, akayaacha yapoe. Sehemu nyingine akaikoroga na viini vya mayai, sukari na siagi juu ya mvuke wa sufuria, polepole, bila kuangalia pembeni, mpaka ikawa rojo zito linalong'ang'ania mwiko.

"Mama, linanuka njano," alisema Chiriku, kidevu juu ya meza.

"Shika bakuli, usiongee ndani yake."

Akapiga krimu mpaka ikasimama, akaichanganya na maskapone kwa kukunja, si kwa kukoroga. Kisha zikaja biskuti. Siku hizi alijua: unachovya, huogeshi. Upande huu, upande ule, toka. Akapanga biskuti, akatandaza krimu, akamwagia rojo, akapanga tena, akatandaza tena, na kupitia ubavu wa kioo matabaka yakaonekana yamelaliana kwa adabu. Akafunika bakuli, akaliingiza kwenye friji lisubiri kesho. Kitu hicho hakitaki haraka. Kinataka kulala kwenye baridi mpaka kila tabaka limzoee mwenzake.

"Na mimi nitakula kwa bibi?" Chiriku aliuliza.

"Safari ijayo, mama."

Alimlambisha mwiko ili asiulize tena.

Jumapili alivaa gauni la kijani kibichi lililoshonwa na dada yake, lenye mikono mipana na kiuno kilichojua kazi yake, na hereni ndogo za lulu za bandia. Fundi alimfuata kwa gari la kazi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mistari ya pasi, na alikuwa anatokwa na jasho.

"Umependeza mpaka naogopa," alisema.

"Unaogopa nini?"

"Basi tu."

Nyumba ya mama mtu ilikuwa ya chini, mlango wa buluu, barazani ndoo za maua. Fundi alitangulia na bakuli, yeye akabaki mlangoni akifungua mikanda ya viatu. Na hapo, ameinama, kiatu kimoja mkononi, akasikia.

"Na hiki nini mwanangu?"

"Kitindamlo, mama. Cha hotelini. Wale ninaowatengenezea chumba cha baridi wamenipa."

"Na huyu binti?"

"Huyu ni... ni mteja wangu, mama. Nilimtengenezea friji. Tulikuwa njia moja, nikamkaribisha."

Alisimama na kiatu chake mkononi. Kuna maneno yakiingia sikioni yanatafuta pa kukaa, na yakikosa yanarudi kuuliza kama ni nyumba yenyewe. Mteja. Alimtazama fundi. Fundi aliangalia dari.

"Karibu mwanangu," alisema mama mtu. Alikuwa mkunga mstaafu, mnene, nywele nyeupe zimesukwa mistari, mikono mikubwa yenye joto. "Karibu sana. Wateja wa mwanangu huwa hawapendezi hivi."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Wakala. Chakula kilikuwa kizuri, nadhani, lakini yeye alikitafuna kama kokoto. Kila fundi alipomsogezea sahani, aliipokea bila kumwangalia. Alikuwa anampa muda. Alijisemea moyoni: ni hofu, sasa hivi atacheka, atasema mama natania, huyu ndiye. Akangoja wali uishe. Akangoja matunda. Bakuli la kioo likafunguliwa, mama mtu akachota, akafumba macho.

"Ee! Limau hili limetiwa na mtu mwenye mapenzi. Hoteli hiyo wana mikono. Mwambie mpishi wao namsalimu."

"Nitamwambia, mama," akasema fundi.

Mama mtu akachota tena, akamgeukia mgeni kwa uso mkunjufu. "Na wewe mteja, umeolewa? Una watoto?"

Mgeni akafungua mdomo, lakini fundi aliwahi. Aliwahi upesi mno, kama anayedaka glasi inayoanguka.

"Mama, mwache mgeni ale."

Basi. Hapo ndipo mambo yote yalipopangana, tabaka juu ya tabaka. Mwache kwa dada. Joto kali. Mtoto atachoka bure. Kumbe lililofichwa pale si jina lake tu. Kilichofichwa kilikuwa mtoto.

Aliweka kijiko chini taratibu. Mtu ambaye hajamjua angedhani anaomba maji.

"Ninaye, mama," alisema. "Ninaye binti wa miaka minne. Ana mashavu, ana maneno, na haogopi joto. Hakuja kwa sababu mwanao aliomba asije. Friji langu kweli alilitengeneza. Baada ya friji akakaa kwenye mkeka wangu mpaka leo. Na hiki mnachokula nilikipika mimi jana, kwa mikono hii."

"Bi Meno, tafadhali..."

"Mteja! Niite mteja!" Sasa alikuwa amesimama. "Kama hiki ni cha hotelini, kaka, basi hoteli imefungwa."

Akachukua bakuli. Mama mtu alibaki na kijiko hewani, kimejaa. Mgeni akatoka mlango wa buluu, akavaa viatu bila kufunga mikanda, akakatiza mtaa mzima na bakuli la kioo kifuani kama mtu anayemtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua. Watu walimpisha. Fundi alimfuata mpaka kona, akiita, gari amelisahau, naye hakugeuka hata mara moja.

"Kijiko kiko wapi?" dada yake aliuliza alipomwona mlangoni na bakuli lililoliwa upande mmoja.

"Lete viwili."

Wakala wawili, mezani, na dada akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mdomo.

"Mdogo wangu, kakosea. Lakini ni uongo mdogo. Mwanaume kaogopa mamaye, ndiyo dunia."

"Uongo hauna mdogo, dada. Wote wanaokuja pale kliniki wanalia, walianza na tundu dogo."

"Anakupenda yule."

"Ananipenda ghorofa ya tatu! Akishuka ngazi hanijui. Mimi sitaki mapenzi ya ghorofani. Mimi nikifichwa, nitanuna, itapita. Lakini mwanangu? Mwanangu amefanya nini mpaka afichwe kama mzigo wa magendo?"

Dada alichota kijiko kingine.

Chiriku alikuja akapanda mapajani kwa mama yake, akachungulia bakuli. "Baridi haji leo?"

"Haji."

"Kesho?"

Mama alimwekea krimu mdomoni, akamkumbatia kwa nguvu kuliko kawaida, akaangalia ukutani mpaka macho yakauke.

Simu iliita wiki nzima. Aliipokea mara moja tu, akiwa ameegemea kabati la mafaili kliniki.

"Nisikilize dakika moja, mpenzi."

"Mpenzi wako ni nani? Hapa anaongea mteja."

"Nilitaka mama aonje kwanza, akipende chakula, halafu nimwambie kimepikwa na nani. Na akishakupenda wewe, nimwambie habari za mtoto. Nilitaka mambo yaende hatua kwa hatua."

"Na mimi ulitaka nionjwe kwanza? Nikiwa chachu nirudishwe?"

"Sikumaanisha hivyo!"

"Ulimaanisha nini? Nieleze kama unavyomweleza meneja wa duka. Bidhaa imeharibika lakini tuiweke tu mbele, labda hatauliza mtu?"

Akasikia pumzi yake, na nyuma yake mngurumo wa mashine fulani. "Niliogopa," alisema fundi hatimaye. "Mama hajawahi kusema kitu kibaya. Mimi mwenyewe ndiye nilijiambia kwamba hatakubali. Nikaogopa jibu ambalo sikuuliza."

"Basi kaa na woga wako. Mnafanana."

Akakata. Kisha akaingia stoo ya pamba na dawa za kusukutua, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi mapokezi akamwita mgonjwa anayefuata kwa sauti kavu kabisa.

Jumamosi, akiwa anafua, mikono ina povu mpaka viwikoni, akasikia hatua nzito ngazini, zinapanda, zinapumzika, zinapanda tena. Kisha sauti.

"Hodi!"

"Karibu, mlango uko wazi."

Aliingia mama mkunga, kitambaa kipya kichwani, anahema kama amepanda mlima. Hakuwa amebeba kitu. Alikaa kwenye kiti bila kungoja kuonyeshwa, akanyanyua kidole kuomba muda wa kupumua.

"Shikamoo, mama. Nikuletee maji?"

"Marahaba. Maji baadaye. Kwanza mimi si zimwi."

"Sikusema hivyo, mama."

"Wewe hukusema. Mwanangu ndiye amenifanya zimwi! Nimemweka kitako, nimemwuliza, kwa nini umeficha? Ananiambia, mama niliogopa ungekataa. Nani kamwambia? Aliniuliza lini? Kanisingizia roho mbaya ambayo sijamwonyesha bado!" Akapiga goti lake. "Mimi nimepokea watoto maisha yangu yote. Wengine nimewapokea sakafuni, wengine mama zao wako peke yao, hakuna hata wa kushika taa. Sijawahi kumwuliza mtoto hata mmoja baba yako yuko wapi. Leo nije nianze na wako? Nimekasirika mimi! Nimekasirika kuliko wewe!"

"Kuliko mimi haiwezekani, mama."

Mama mkunga alimkazia macho. Kisha kifua chake kikubwa kikaanza kutikisika, kicheko kikapanda, na mwenye povu mikononi akajikuta anacheka naye, machozi yakimtoka, hajui lipi ni lipi.

"Haya. Mjukuu yuko wapi?"

Alisema "mjukuu" hivi hivi, kama mtu anayeomba chumvi. Chiriku, aliyekuwa anachungulia nyuma ya pazia, hakungoja kuitwa.

"Niko hapa. Wewe ndiye bibi wa Baridi?"

"Mama yake. Bibi yako wewe, ukinitaka. Nionyeshe meno."

Chiriku akayaonyesha yote, akaanza na habari za mtaa tangu mwanzo. Mama mkunga akamsikiliza kwa makini, ameshika kidevu chake kidogo. Kisha, bila kumwachia mtoto, akainua uso.

"Mwanangu yuko chini kwenye ngazi. Nimemwambia asubiri kama mtoto aliyevunja sahani. Ukitaka arudi nyumbani, arudi. Sikuja kumwombea, mdomo anao. Ila niambie mimi, maana yeye ameshindwa kuniambia vizuri. Yeye kwako ni nani?"

Mwenye nyumba aliangalia povu likipasuka mikononi mwake. Angeweza kusema maneno mengi. Alikuwa ameyapanga wiki nzima, makali, ya kukata.

"Ni mwanaume aliyenikosea sana, mama."

"Hilo tunalijua. Zaidi ya hapo?"

"Na ninampenda. Asingekuwa huyo nisingekasirika hivi. Ningemsahau Jumapili ile ile."

Mama mkunga akaitikia kwa kichwa, akageukia mlango, akaita kwa sauti iliyozoea kuita wauguzi usingizini. "Wewe! Panda!"

Fundi alipanda. Kabla hajafika, milango ya ghorofa ya tatu ilikuwa imeshafunguka yote. Sauti ile hakuna aliyeikosa. Dada mtu alitoka na futi ya kupimia shingoni. Kijana wa mlango wa mwisho alitoka na mswaki mdomoni. Jirani wa mkabala alijifanya anafagia. Fundi alisimama katikati ya ukumbi wa ngazi akiwa na ovaroli yake ya kazi, akawaona wote, na mtu yeyote angeona jinsi miguu yake ilivyotaka kurudi chini.

"Ingia ndani tuongee," mwenye nyumba alisema kutoka mlangoni. Hata katika hasira alimwonea huruma.

"Hapana. Hapa hapa." Akamgeukia mama yake kwanza. "Mama, nilikudanganya. Huyu si mteja. Huyu ndiye mwanamke ninayempenda, na kile chakula alikipika yeye, na huyu Chiriku ni mwanawe. Mimi ndiye niliyeomba asije, kwa woga wangu. Hakuna kosa la mwingine."

Mwenye mswaki akaacha kusugua.

Kisha fundi akamgeukia Bi Meno. Hakupiga goti, hakutoa pete. Alikuwa na mikono miwili mitupu, na hakujua aiweke wapi. "Sina neno la kukutuliza. Nilikuficha, na nilimficha mtoto, na nikikumbuka naona aibu mpaka siwezi kula. Naomba unioe... unikubali nikuoe. Ukikataa, ukatae mbele ya hawa, ili na mimi nionje."

Hakuna aliyecheka kuteleza kwake, isipokuwa Chiriku, aliyecheka kwa sababu watu wazima wamenyamaza.

Yeye alisimama mlangoni, kanga imelowa, povu linamchuruzika kwenye viwiko hadi sakafuni. Alimtazama kwa muda mrefu. Alitafuta ndani ya uso ule mtu wa Jumapili, yule aliyeangalia dari, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakumwona. Huyu alikuwa anamwangalia yeye, moja kwa moja, akiwa na hofu yote usoni, haifichi.

"Chiriku," aliita bila kuondoa macho, "tumkubali?"

"Kwani alikuwa amekataliwa?"

"Alikuwa."

Mtoto akafikiri, kidole mdomoni. "Akae. Lakini asikae sana kwenye kiti changu."

Dada mtu akapiga kigelegele kabla jibu halijatoka, mama mkunga akamwambia anyamaze, binti hajasema.

"Nakubali," alisema, na akanyoosha mkono wenye povu ili asisogee karibu. "Nakubali, lakini usije ukafikiri imekwisha. Hasira yangu bado iko pale pale ilipokuwa. Unanioa nayo. Siku ya harusi nitakaa pale mbele, nimependeza, nimenuna, na wewe utawaeleza wageni kwa nini."

"Wote?"

"Mmoja mmoja."

Fundi akasema atawaeleza. Akaushika ule mkono na povu lake lote, mbele ya watu, akabaki ameushika.